Kiwango, Kima na Kadirio: Maneno ya Zamu na ya Foleni

Mara kwa mara wasomaji wetu hutuandikia kulalamika kwamba Kiswahili cha ofisini kina upungufu wa maneno. Malalamiko hayo tumekwisha kuyazoea, na baadhi yake ni ya haki. Leo twapenda kuzungumzia kasoro ya namna nyingine, ambayo ni ngumu zaidi kuiona kwa kuwa haipigi kelele: neno moja zuri, linaloeleweka na kila mtu, kubebeshwa mizigo mitatu kwa pamoja, hata msomaji asijue ni mzigo upi alioletewa. Neno lenyewe ni "kiwango". Tulilazimika kulichunguza kwa sababu ya karipio.

Ofisi moja ya huduma, ambayo hatutaitaja, ilifasiri kutoka Kiingereza mwongozo wa viongozi wa zamu katika kituo chake cha kupokea simu za wateja. Tafsiri hiyo ilitufikia baada ya kutumika kwa miezi kadhaa, ikiwa imefuatana na barua ya mfasiri mwenyewe, mtu mwangalifu, aliyetuomba tumwambie kama alikuwa na sehemu ya lawama katika mgogoro uliozuka. Katika sura moja ya mwongozo huo "kiwango cha huduma" kilitajwa kuwa ni simu 80 katika kila 100 kupokelewa ndani ya sekunde 20. Katika jedwali la sura inayofuata "kiwango cha huduma" cha saa nne asubuhi kilikuwa simu 89. Katika taarifa ya mwisho wa mwezi "kiwango cha huduma" cha saa hiyo hiyo kilikuwa simu 49. Kiongozi wa zamu ya asubuhi akaandikiwa karipio kwa kushindwa kufikia kiwango cha 89.

Msomaji makini ataona mara moja kwamba hapana mtu aliyepata kumwagiza kiongozi huyo afikishe simu 89. Zile 80 ndizo zilizokuwa agizo. Zile 89 zilikuwa hesabu tu: mtu alikaa na orodha ya zamu ya wiki inayokuja, akatazama ni wahudumu wangapi waliopangwa saa hiyo, akakokotoa ni nini kingetokea endapo wote wangekaa mezani na simu zingekuja kwa wingi uliodhaniwa. Na 49 ndizo zilizotokea. Mambo matatu yaliyo mbali mbali, yote yamevikwa kanzu moja.

Yafaa tueleze kidogo kazi yenyewe kwa faida ya wasioifahamu. Njia ya kawaida ya kupanga wahudumu huanza na ahadi na kuishia kwenye idadi ya watu: ofisi husema inataka wateja wake wapokelewe haraka kiasi gani, kisha hutafuta ni watu wangapi watakaohitajika. Lakini kuna njia ya pili inayokwenda kinyume chake, nayo ndiyo inayotumika siku nyingi za mwaka. Watu wamekwisha kupangwa. Mmoja yuko likizo ya uzazi, wa pili amepewa ruhusa kwenda msibani, wa tatu yumo mafunzoni. Orodha haibadiliki tena. Sasa kiongozi wa zamu hujiuliza: kwa watu hawa nilio nao, mteja atakayepiga simu Jumatatu saa nne atakuta nini? Jibu la swali hili si ahadi wala si habari. Ni kitu cha katikati, na Kiswahili cha mwongozo ule hakikuwa na jina lake.

Je, mfasiri alikosea? Kwa kufuata kamusi, hakukosea. Kiingereza hutofautisha "level", "standard" na "rate", ilhali sisi husema kiwango cha elimu, kiwango cha riba, kiwango cha joto. Na shirika lililoundwa mwaka 1975 kusimamia ubora wa bidhaa nchini laitwa Shirika la Viwango Tanzania, jina ambalo hapana aliyepata kulielewa vibaya. Neno pana si neno baya. Mtu akisema sokoni kwamba kiwango cha unga kimeshuka, wanunuzi wenzake wajua kama ni ubora au ni kiasi, kwa sababu gunia liko mbele yao. Ubaya huja neno hilo linapoingia katika jedwali, mahali ambapo hapana gunia la kutazama.

Tafsiri hii tuliisoma kwa pamoja na walimu na watumishi wa wilaya za Ngara na Biharamulo tulipokuwa Benaco, ile njia panda ambapo malori hugawanyika, mengine yakienda Rusumo na Rwanda, mengine Kabanga na Burundi. Hatukwenda huko kwa ajili ya simu. Shughuli yetu ilikuwa nyingine, nayo mjadala huu ulikuwa nyongeza ya jioni. Lakini nyongeza hiyo ndiyo iliyotufungua macho. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alisikiliza mazungumzo ya sekunde 20 kwa uvumilivu, kisha akauliza maana ya maneno "kiwango cha chini cha maji". Je, ni maji machache, au ni kiasi ambacho mtu hapaswi kupewa pungufu yake? Akaongeza kwamba Benaco swali hilo si la sarufi.

Wasomaji vijana huenda wasijue kwa nini alisema hivyo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, umati wa watu ulivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Taarifa za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi za siku zile zilitaja watu 250,000 katika muda wa saa 24. Machapisho ya baadaye yalitaja kiasi cha 170,000. Walielekezwa Benaco, mahali palipopata jina lake kutokana na kampuni ya Kitaliani iliyokuwa imepiga kambi hapo wakati wa ujenzi wa barabara, na ambapo palikuwa na ziwa dogo la maji. Kwa muda mfupi njia panda hii ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani, na kambi nyingine, Lumasi na Musuhura miongoni mwazo, zikafunguliwa jirani. Mwezi Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao na kambi ikafungwa. Waliobaki ni wenyeji, na kumbukumbu ya foleni za maji ambazo mwisho wake haukuonekana.

Kutokana na misiba ya miaka ile, na hasa baada ya tathmini ya pamoja ya mataifa kuhusu misaada ya dharura kwa Rwanda iliyotolewa mwaka 1996, mashirika ya misaada yalianzisha mwaka 1997 mradi wa Sphere, ambao ulizaa kitabu cha mwongozo kinachotumika hadi leo. Humo mnatajwa lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku, na watu wasiozidi 250 kwa bomba moja linalotoa lita 7.5 kwa dakika. Tulizifanyia tarakimu hizi hesabu ubaoni, mbele ya mwalimu mstaafu, nasi tukashangaa kwa yaliyojitokeza. Watu 250 mara lita 15 ni lita 3,750. Ukizigawa kwa 7.5 unapata dakika 500, yaani saa nane na dakika 20. Maana yake ni kwamba ndani ya maneno "watu 250 kwa bomba" kumefichwa zamu ya kazi: bomba lifunguliwe, na awepo wa kulisimamia, kwa muda wa saa nane na zaidi kila siku. Bomba likifunguliwa kwa saa tano tu, hutoa lita 2,250, na kila mmoja wa wale 250 hupata lita 9. Hapana kilichoharibika; bomba ni lile lile na watu ni wale wale. Kilichopungua ni saa za zamu.

Hapo ndipo tulipoona kwamba kiongozi wa zamu wa kituo cha simu na msimamizi wa bomba wafanya hesabu moja. Kila mmoja anayo orodha ya watu na saa. Kila mmoja hutaka kujua kabla ya siku kuanza ni nini atakachopata yule atakayesimama mwisho wa foleni. Na kila mmoja hudanganywa na wastani. Dumu la lita 20 hujaa kwa dakika mbili na sekunde 40 katika bomba hilo. Mwenye kukuta watu watano mbele yake, kila mmoja na dumu moja, atangoja dakika 13 na ushei. Mwenye kukuta 11 atangoja dakika 29. Matoleo ya zamani ya kitabu hicho yalitaka mtu asingoje zaidi ya dakika 15. Toleo la 2011 na la 2018 yalitaja dakika 30. Lakini nani asiyejua kwamba watu hawaji bombani kwa mpangilio, watano watano, mchana kutwa? Huja alfajiri, wote. Hesabu ya siku nzima yaweza kuwa sahihi kabisa, ilhali mama aliyefika saa kumi na mbili asubuhi amesimama saa nzima.

Turejee sasa kwenye swali la mwalimu mstaafu. Maneno "viwango vya chini", yanayotumika mara nyingi kufasiri kile ambacho mtu hapaswi kupewa pungufu yake, husomeka bila taabu yoyote kama viwango hafifu. Mtumishi akiandika kwamba kijiji fulani kina kiwango cha chini cha maji, aliyeko wilayani aweza kufurahi kwamba kijiji kimetimiziwa haki yake, au kupeleka gari la maji siku hiyo hiyo. Haifai serikali iache uamuzi wa namna hiyo kwa bahati ya msomaji.

Dawa tunayoipendekeza haikubuniwa na Baraza. Imekuwamo vinywani mwa wafanyakazi kwa miaka mingi. Kila mwajiriwa ajua kima cha chini cha mshahara ni nini. Hapana anayedhani kwamba maana yake ni mshahara mdogo, ingawa huenda ni mdogo kweli. "Kima" tayari lina ndani yake wazo la kiasi kilichowekwa na mwenye mamlaka, kinachoweza kudaiwa. Kwa hiyo, zile simu 80 katika 100 ziitwe kima cha huduma, na zile lita 15 ziitwe kima cha chini cha maji. Tulipolitaja neno hili katika kikao chetu wenzetu wawili walicheka, wakikumbuka mnyama wa msituni na nyama ya kusaga. Kicheko hicho tunakikubali, lakini si hoja. Mnyama huchukua upatanisho wa viumbe, kima amepanda mtini. Kiasi huchukua upatanisho wake, kima kimepanda. Sarufi imekwisha kutulinda.

Mintarafu ya zile 89, yaani jibu la hesabu inayotokana na orodha ya zamu, ubishi ulikuwa mkubwa zaidi. Walikuwapo waliotaka "utabiri". Tumelikataa neno hilo, na sababu yetu ni kwamba mtabiri wa hali ya hewa si yeye anayepanga mawingu, lakini kiongozi wa zamu ndiye anayepanga watu. Anapokokotoa matokeo ya orodha yake hatabiri jambo la nje. Anajisomea maana ya uamuzi alioufanya mwenyewe, na bado anao uwezo wa kuubadili. Wengine walitaka "matarajio". Hili lina hatari ile ile iliyomfikisha kiongozi wetu kwenye karipio, kwa kuwa mkubwa akisema anatarajia, mdogo husikia amri. Sisi twapendekeza "kadirio la huduma", kwa umoja. Twajua kwamba wingi wake, "makadirio", umekwisha kuchukuliwa na makadirio ya mapato na matumizi ya serikali, ambayo bunge likishayapitisha huwa si makadirio tena bali ruhusa. Ndiyo maana twasisitiza umoja, na twaomba usipanuliwe. Kwa upande wa wingi wa simu zinazodhaniwa zitakuja, ambao kweli hutoka nje na kiongozi hana mamlaka juu yake, litumike "makisio ya simu", nayo yafanywe kwa kila saa au nusu saa, si kwa siku nzima, kwa sababu tuliyoiona bombani.

Zile 49 hazihitaji istilahi. Ni huduma iliyofikiwa. Kuna wakati mwandishi wa istilahi hana budi kuweka kalamu chini.

Sasa tutazame neno lililotupa taabu kuliko yote, nalo ni "zamu". Hili ni neno zuri la Kiswahili, lenye nasaba ya ulinzi na ya ubaharia, na halina mpinzani isipokuwa "shifti", ambalo wafanyakazi wa viwandani wamekwisha kulizoea na ambalo hatuna ugomvi nalo. Taabu ya "zamu" ni kwamba hukaa pande mbili za meza. Muuguzi huwa zamu. Mgonjwa naye hungoja zamu yake. Msimamizi wa bomba ana zamu ya saa nane. Mwenye dumu husema zamu yangu imefika. Katika mazungumzo hapana anayepotea. Lakini tumekuta katika tafsiri ile agizo kwamba urefu wa zamu upunguzwe saa za asubuhi. Kwa aliyezoea kukaa mezani, agizo hilo lataka wahudumu wafanye kazi kwa muda mfupi zaidi. Kwa aliyezoea kungoja, lataka wateja wasisubiri sana. Ukifuata maana ya kwanza utaharibu ya pili. Katika maandishi ya kazi, basi, zamu na iwe ya mhudumu peke yake. Mteja awe na nafasi yake katika foleni. Mitaani kila mtu aendelee kungoja zamu yake kama walivyongoja babu zetu.

Zaidi ya hayo, mtu kuwa zamu si lazima awe mezani. Hapa ndipo ilipozikwa siri ya tofauti kati ya 89 na 49, nasi tutaifukua kwa tarakimu, maana wasomaji wengi hudhani kwamba pengo kubwa kiasi hicho laonyesha uvivu.

Msingi wa hesabu hizi uliwekwa na Mdenmaki mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyezaliwa mwaka 1878 na kufariki mwaka 1929, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Alichapisha maandishi yake ya kwanza kuhusu jambo hili mwaka 1909, na kanuni zake mashuhuri mwaka 1917. Tuchukue mfano uliomo katika jedwali la mwongozo. Simu 60 huja katika saa moja, na kila mazungumzo huchukua dakika nne kwa wastani. Hiyo ni kazi ya dakika 240, na kwa kuwa saa moja ina dakika 60, mzigo wake ni sawa na wahudumu wanne wasionyanyua kichwa. Je, wahudumu wanne watatosha? Hawatatosha kamwe, simu haziji kwa foleni iliyonyooka, na foleni ya wahudumu wanne itarefuka bila kikomo. Kwa kanuni ya Erlang, wahudumu watano hupokea simu 49 katika 100 ndani ya sekunde 20, na mpigaji hungoja kwa wastani dakika mbili na ushei. Wahudumu sita hupokea 76, na wastani wa kungoja hushuka kuwa sekunde 34. Wahudumu saba hupokea 89, na wastani ni sekunde 11.

Tazama basi. Orodha ya zamu ilikuwa na majina saba. Mmoja aliitwa mafunzoni na mkubwa yule yule aliyetia saini karipio. Mwingine alikuwa kwenye mapumziko ya chai, ambayo ni haki yake. Waliobaki mezani ni watano. Watu wawili kati ya saba ni chini ya theluthi moja, lakini huduma ilianguka kutoka 89 hadi 49. Ndiyo tabia ya foleni, nayo haifuati hesabu ya mgawanyo wa sadaka. Mwongozo wa Kiingereza uliweka wazi kwamba jedwali lihesabiwe kwa walio mezani, si kwa walio katika orodha. Tafsiri iliwaita wote "wahudumu wa zamu". Kosa hili, kwa masikitiko, ni la mfasiri, nasi tumemwandikia hivyo. Tumependekeza "waliopangwa" na "walio mezani". Ni maneno ya kawaida mno, hata mmoja wa wenzetu aliona aibu kuyaweka katika orodha ya istilahi. Lakini kama yangekuwamo katika jedwali lile, kiongozi wa zamu angehesabu watano tangu Ijumaa, naye angepata nafasi ya kuyasogeza mafunzo au chai.

Hapo inafaa tuongeze kwamba kanuni hiyo humchukulia kila mpigaji kuwa ana subira isiyo na mwisho. Madereva wa Benaco watakuambia kwamba hawana. Mwenye lori lililobeba mzigo wa kwenda Kigali, anayetafuta kujua hali ya karatasi zake, husikiliza mara tatu sauti ya mashine ikimwambia kwamba wahudumu wote wana shughuli, kisha huacha. Tafsiri iliziita simu hizi "simu zilizokatwa", na kwa jina hilo hilo ikaziita zile ambazo mtandao ulipotea, na zile ambazo mhudumu mwenyewe alizimaliza kwa hasira. Kiswahili hakina sababu ya kuchanganya mambo haya, maana vitenzi vyetu vimeumbwa kwa kazi hiyo hasa. Simu hukatika yenyewe. Simu hukatwa na mtu. Simu huachwa na aliyechoka kungoja. Tukiandika iliyokatika, iliyokatwa na iliyoachwa, mkaguzi atajua amwulize nani: fundi, mhudumu, au yule aliyepanga zamu.

Maneno yaliyobaki tutayapitia haraka. "Wakala" kwa maana ya mtu anayepokea simu halifai hata kidogo. Katika nchi hii wakala ni yule wa kibandani anayepokea na kutoa fedha kwa simu ya mkononi, na mteja akiambiwa aongee na wakala atavaa viatu. "Mhudumu" latosha. "Kituo cha miito" limeanza kuzoeleka na hatutalipinga, ijapokuwa mwito kwa masikio yetu ni wa kwenda mahakamani au jeshini. "Kituo cha huduma kwa wateja" ni refu lakini halina kosa, isipokuwa pale ambapo wanaopiga si wateja, kama vile wagonjwa au watoto walio hatarini. "Foleni", neno lililotokana na amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari mstari, limekwisha kuwa letu. Jirani zetu wa Kenya hupenda "mlolongo", neno lenye sura nzuri, lakini lililobeba kumbukumbu ya uchaguzi wa mwaka 1988, wapiga kura walipopangwa mistari nyuma ya wagombea wao. Malori yanayosimama njiani sisi huyaita msururu, na yaendelee kuitwa hivyo.

Twatambua kwamba pendekezo letu la "kima" litapingwa na walimu, nao wana hoja nzito kuliko ile ya mnyama. Wanafunzi wamefundishwa kwa miaka mingi kwamba kiwango ndilo neno la vitu vyote vinavyopanda na kushuka, na vitabu vya shule havibadilishwi kwa makala moja. Hatutaki vibadilishwe. Kiwango cha elimu na kibaki kiwango cha elimu. Tunachoomba ni kwamba katika hati ambayo mtu aweza kuhukumiwa kwayo, au kunyimwa maji kwayo, neno hilo lisiachwe peke yake. Mfasiri asiyependa kima aandike kiwango kilichowekwa, kiwango kilichokadiriwa, kiwango kilichofikiwa. Ni maneno mawili badala ya moja, na wino si ghali.

Orodha kamili ya maneno yaliyojadiliwa itapelekwa katika kikao kijacho cha kamati ya istilahi, na wenye maoni, hasa watumishi wa wilaya za mpakani wanaoshughulika na maji na uchukuzi, waombwa wayalete kwa maandishi kabla ya hapo. Mfasiri amekwisha kurekebisha sura mbili za mwongozo na kututumia nakala. Jedwali sasa lina safu tatu zenye majina matatu, na juu yake yamo maneno "kwa walio mezani". Karipio, kwa kadiri tulivyoarifiwa, bado limo katika jalada la kiongozi wa zamu.